Mumiani Mwenye Adabu: Nilivyoisoma Twilight



Wengine mtashangaa, na wengine mtacheka kabisa, kusikia kwamba mtu wa umri wangu, aliyezoea kuhangaika na tenzi na miswada ya herufi za Kiarabu, amekaa likizo nzima akisoma riwaya za wasichana wa miaka kumi na minne. Chekeni basi, halafu tuendelee. Nimesoma Twilight ya Stephenie Meyer, iliyotoka mwaka 2005, na sikuishia hapo. Nimezipitia New Moon (2006), Eclipse (2007) na Breaking Dawn (2008), na hata ile Midnight Sun ya mwaka 2020, ambayo inasimulia kisa kile kile kwa kinywa cha mwanamume. Chanzo chake ni swali. Binti wa kaka yangu, mwalimu wa sekondari kule Tanga, anataka kukifasiri kitabu cha kwanza kwa ajili ya wanafunzi wake, ambao wengi wao wameshaziona filamu. (Mambo ya haki za kufasiri ni kesi nyingine, nimeshamwambia.) Akaniandikia: "Shangazi, vampaya kwa Kiswahili tumwiteje?"

Swali lenyewe dogo, lakini nimeshindwa kulijibu kwa mstari mmoja.

Kwa wale ambao hawajakigusa, kisa kwa ufupi ni hiki. Bella Swan, msichana wa miaka kumi na saba, anaiacha Phoenix yenye jua, kule Arizona, anahamia Forks, mji mdogo wa jimbo la Washington ambako mvua haikatiki, kukaa na baba yake Charlie, mkuu wa polisi wa hapo. Shuleni anakutana na Edward Cullen: mzuri wa sura, tajiri, wa baridi kama barafu, ambaye amekuwa na miaka kumi na saba tangu 1918, alipogeuzwa akiwa mahututi kwa ile homa kuu ya mafua kule Chicago. Yeye na jamaa zake hunywa damu ya wanyama tu, na kwa utani wanajiita wala mboga. Sasa damu ya Bella inamnukia Edward kuliko damu ya mtu yeyote aliyepata kukutana naye. Anampenda, anatamani kumuua, na hamuui. Ndiyo riwaya hiyo.

Nianze na nilichokipenda, maana wapo watu, wanaume hasa, walioibeza riwaya hii kwa sababu moja tu, kwamba wasichana waliipenda. Mimi simo. Kitu kinachopendwa na wasichana wengi kiasi kile kina jambo ndani yake, na mhakiki anayekitupa bila kukisoma ni mvivu. Mimi kilichonishika ni mvua. Mwandishi hakuwa akiijua Forks. Alitafuta tu kwenye intaneti mji wenye mvua kupita kiasi, lakini ule unyevu ameupata barabara. Msichana anayelilia jua, anayeona kila kitu kijani mpaka kinamchosha, anayevaa nguo zisizomtosha baridi: sisi tuliohama kwetu tukaangukia kwenye majira ya kijivu tunaijua hali hiyo hata kama hatukuwahi kuiandika.

Na Charlie! Charlie ni mtu. Hajui kupika zaidi ya mayai na nyama ya kukaanga, hajui kuzungumza na binti yake, anatazama mpira na kwenda kuvua samaki. Asubuhi moja barabara imeganda barafu. Bella anafika shuleni salama bila kujua kwa nini gari lake halikuteleza, kisha anainama na kuona kwamba baba yake aliamka kabla hajaamka yeye, akafunga minyororo kwenye magurudumu. Koo linamkaba. Baba wa namna hii tumelelewa naye. Hakwambii "nakupenda mwanangu" hata siku moja, lakini ukiamka utakuta baiskeli yako imetiwa upepo. Dakika hiyo hiyo gari la mwanafunzi mwenzake linateleza, linamjia Bella, na Edward analizuia kwa mkono. Kwa maoni yangu hapo ndipo riwaya inapotea njia, maana kuanzia ukurasa ule yule mwenye minyororo anasahauliwa na yule mwenye mkono wa chuma ndiye anayepewa mapenzi yote.

Haya, turudi kwenye neno.

Pwani tunalo neno mumiani. Asili yake ni dawa. Johnson, katika kamusi yake ya 1939, anaieleza kuwa ni kitu cheusi mfano wa gundi, kinachosemekana kuletwa kutoka Uajemi, cha kutibia mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kisha anaongeza kwamba wenyeji wengi wanaamini ni damu iliyokaushwa ya watu waliouawa kwa ajili hiyo, na kwamba uvumi ukianza kuwa mumiani inatafutwa, watu hawatoki nje jua likishatua. Baadaye jina la dawa likawa pia jina la mchukuaji. Nairobi walimwita mzimamoto, kwa sababu ya wale askari wa zimamoto na magari yao. Katanga wana majina yao, Uganda yao. Luise White alikusanya masimulizi haya katika kitabu chake Speaking with Vampires (2000), na shauri lake kubwa ni kwamba tuache kuulizana kama ni kweli au si kweli, tusikilize watu walikuwa wanasema nini waliposema hivyo. Walikuwa wanasema habari za kazi, mishahara, hospitali, polisi, magari yanayopita usiku. Utotoni mwangu Tanga tulikuwa bado tukitishwa: ukichelewa magharibi, mumiani.

Sasa angalieni tofauti. Mumiani wa kwetu hanywi. Anakusanya. Damu inakwenda mahali, kwa mtu ambaye humwoni, na mkusanyaji mwenyewe mara nyingi ni mtu wa hapa hapa, mwenye sare na mshahara. Hafi akafufuka, hang'ai juani, na sijapata kusikia msichana yeyote wa Pwani aliyempenda. Hakuna ngano ya mumiani mwenye nywele nzuri.

Kuna neno jingine, mnyonya damu, ambalo kamusi ingelipendekeza upesi. Kwa kizazi changu neno hilo lina historia. Mimi nilisoma shule ya msingi katika miaka ya baada ya Azimio la Arusha la 1967, na kunyonya halikuwa jambo la jini wala mzuka. Mnyonyaji alikuwa bepari, kabaila, mwenye nyumba kumi za kupangisha. Tulimchora ana tumbo kubwa, na mirija inatoka mwilini mwa mkulima inaingia kinywani mwake. Kupe. Ukiandika "Edward alikuwa mnyonya damu", msomaji wa umri wangu atauliza: ana hisa ngapi? Na wala hatakuwa amekosea, maana akina Cullen ni matajiri wa kutisha. Mmoja wao anaona yajayo, na utajiri wa soko la hisa unatoka humo. Magari yao yanafunika maegesho ya shule. Mwandishi hajiulizi hata mara moja fedha hizo zilitoka kwa nani.

Na baba yao wa kujipachika, Carlisle, ni nani? Ni daktari. Mnyonya damu wa Forks anafanya kazi hospitali, usiku, kwa koti jeupe. Tena shuleni kuna siku mwalimu wa bayolojia anawachoma wanafunzi vidole kupima makundi ya damu, kwa kuwa Msalaba Mwekundu wanakuja kuchangisha damu Port Angeles, na Edward siku hiyo anatoroka kipindi. Meyer anaandika yote haya kwa utani mwepesi. Marehemu bibi yangu, ambaye alikuwa akivuka barabara asipite mbele ya gari la wagonjwa, angekifunga kitabu hapo hapo na kutuamuru tuingie ndani.

Mtasema: lakini Carlisle ni mwema, amejizuia karne kadhaa, anaponya watu. Ndiyo, na hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wangu na riwaya hii. Msomaji anaombwa, kurasa mia nne na zaidi, amsifu mwenye uwezo wa kukuua kwa sababu hajakuua. Wema wote wa Edward ni wema wa kujizuia. Katika Midnight Sun tunaingia kichwani mwake siku ile ya kwanza darasani, na tunamkuta anapiga hesabu ya kuwaua wanafunzi wote waliomo humo ili ampate mmoja. Hawaui. Nasi tunatakiwa tushushe pumzi, tuseme, masikini, jinsi alivyoteseka! Wale wanafunzi wengine hawajui kamwe kwamba walipewa zawadi ya maisha na mtu ambaye maisha yao hayakuwa yake. Mumiani mwenye adabu, basi, lakini bado ni mumiani. Sisi tuliotoka katika nchi zilizotawaliwa tumeshawahi kuambiwa tushukuru kwa namna hiyo.

Halafu kuna dirisha. Inagunduliwa katikati ya kitabu kwamba karibu kila usiku Edward amekuwa akiingia chumbani mwa Bella akimtazama amelala, naye hana habari. Bella anapojua hatishiki. Anaona fahari, na wasiwasi wake ni kama alikuwa akiota kwa sauti. Nilipofika hapo nilisimama, nikaenda kuchemsha chai. Mwaka 1995 Pemba na Unguja kulikuwa na popobawa, na wapo kati yenu mliokuwa kule. Naye alikuwa mgeni wa usiku wa chumbani. Watu walifanya nini? Walitoka nje, wakawasha moto, wakalala pamoja barazani na uani, watoto katikati. Na ilisemekana kwamba aliyepatwa akificha, popobawa hurudi. Sharti aseme, watu wajue. Wa Forks anataka kinyume chake. Sharti lake la kwanza ni siri. Charlie amelala chumba cha pili na bunduki yake ya kipolisi, na hajui lolote.

Mwenzangu mmoja hapa chuoni, mtu wa fasihi ya Kiingereza, aliniambia ninakosa mantiki kwa kumpima Edward kwa mumiani na popobawa. Ndugu yake wa kweli, akasema, ni yule jini wa hadithi za Kiarabu anayependa binadamu. Hiyo ni hoja, na ninaipokea nusu. Kweli, jini mahaba yuko karibu zaidi na Edward: ana wivu, ana mali, ni mzuri, na binti aliyependwa naye hakai na mchumba. Lakini tazama jinsi tunavyomshughulikia. Binti akionyesha dalili, mama anamwambia shangazi, shangazi anamwambia somo yake, anaitwa mganga, pepo anapandishwa, na jambo la kwanza anaulizwa: jina lako nani? Umetoka wapi? Unataka nini kwa huyu mtoto? Akitaka ubani, akitaka pete, akitaka kilemba chekundu, anasema mbele ya watu, na watu wanamjibu. Ni posa ya ajabu lakini ni posa. Ina mashahidi.

Bella hana somo. Mama yake yuko mbali na ni kama mtoto mwenyewe. Rafiki zake ni wa kupita. Mwanamke mtu mzima wa kumwambia "mwanangu, huyu anayekufungulia injini ya gari usiende kwa rafiki yako, hilo si penzi" hayumo. Na si mfano wa kubuni huo: katika Eclipse Edward anatoa kifaa kwenye injini ya gari la Bella ili asiende kumwona Jacob, na mara nyingine anamhonga dada yake gari aina ya Porsche amweke Bella kizuizini kwa siku chache. Bella ananuna kidogo, basi yamekwisha. Nimekuwa na wanafunzi wa kike darasani kwangu, Wamarekani na watoto wa wahamiaji, walioweza kunisimulia sehemu hii wakicheka, na wengine walioacha kucheka katikati ya kusimulia. Hilo la pili ndilo lililonifanya nimjibu mpwa wangu kwa urefu.

Wanaojua ukweli katika vitabu hivi ni akina nani? Hili lilinishangaza. Ni wale wa pembeni. Katika Breaking Dawn, kwenye kisiwa cha fungate nje ya pwani ya Brazil, anayemtambua Edward mara moja ni Kaure, mwanamke wa usafi wa nyumba, mwenye asili ya Waticuna. Anazijua habari za mnywa damu, anamwona bibi harusi, anaogopa kwa niaba yake. Riwaya inamchukulia kuwa mshirikina mwenye roho nzuri. Mimi nikasema, jamani, huyu ndiye msomaji mwenzangu! Na kabla yake wapo Waquileute, kabila la kweli lenye kijiji cha kweli, La Push, maili chache kutoka Forks. Meyer amewageuza vijana wao kuwa mbwamwitu wa kulinda watu dhidi ya wanywa damu. Asili yao inawataja mbwamwitu kweli, lakini vita na wanywa damu ni vya Meyer, na ilibidi jumba la makumbusho la Burke, Seattle, lishirikiane na kabila hilo kueleza kipi chao na kipi cha kubuni. Wakati wasichana wa dunia nzima wakinunua fulana zenye picha ya Jacob, wenye kijiji walikuwa wakihangaika kupata ardhi ya juu ili wahame ufukweni kwa hofu ya tsunami. Sheria ya kuwapa ilitiwa saini mwaka 2012.

Kuna pia Jasper, kaka wa kupachika wa Edward. Katika Eclipse anasimulia kwamba kabla ya kugeuzwa alikuwa meja katika jeshi la Kusini, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Majuto yake yote ni ya damu aliyokunywa baadaye. Kuhusu jeshi alilojiunga nalo na utumwa lililoulinda, kimya. Nilisoma sura ile mara mbili nikitafuta hata nusu sentensi. Filamu nazo zina kejeli yake: Laurent, mmoja wa wale wanywa damu wasio na adabu, ambaye kitabuni hakuandikwa kuwa mweusi, alichezwa na Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi. Anacheza vizuri kuliko wengi wa wenzake, naye anauawa na mbwamwitu katika filamu ya pili, ya 2009. Mji wa wazimamoto umempeleka Hollywood mumiani wake, na wakamla.

Lakini somo yupo, nilimpata mwishoni, mahali ambapo sikumtarajia. Ni Rosalie, yule dada mzuri kupita wote, ambaye kitabu cha kwanza kinamfanya awe na kiburi na kijicho. Walipopiga kura kama Bella ageuzwe awe kama wao, yeye alikataa. Na katika Eclipse anaingia chumbani kwa Bella usiku, anabisha hodi kwanza (nililitia mstari), anaomba ruhusa ya kukaa, anamsimulia. Mwaka 1933, Rochester, New York, alikuwa mchumba wa mtoto wa mwenye benki, kijana mzuri, tajiri, aliyetamaniwa na mji mzima. Usiku mmoja akitoka kwa rafiki yake Vera, aliyeolewa na seremala na kupata mtoto mwenye vishimo mashavuni, alikutana barabarani na huyo mchumba wake amelewa pamoja na rafiki zake. Walimnajisi, wakamwacha wakidhani amekufa. Carlisle akamwokota, akamgeuza bila kumuuliza, kwa nia njema. Na anachomwambia Bella ni hiki: mimi ningechagua maisha ya Vera. Seremala anayembusu mkewe mlangoni, mtoto, uzee.

Kwa hiyo Meyer anajua. Ndani ya riwaya yake mwenyewe ameandika kwamba yule kijana mzuri kuliko wote, tajiri kuliko wote, anayetamaniwa na kila mtu, anaweza kuwa ndiye mumiani, bila meno marefu wala ngozi ya barafu. Ameiandika vizuri, kwa sauti ya chini, na ni kurasa bora kabisa katika vitabu vyote vinne. Kisha Bella anasikiliza, anamwonea huruma Rosalie, na hakuna linalobadilika. Vitabu vinaendelea kama kwamba hakuna aliyesema kitu.

Basi nimemjibu mpwa wangu hivi. Vampaya ni jepesi, linaleta bango la filamu, na wanafunzi wake tayari wanalo. Mnyonya damu atumie pale akina Cullen wanapojitania wenyewe. Lakini pale Bella, ufukweni, anapoambiwa kwa mara ya kwanza Edward ni nani, na pale Carlisle anapoingia wodini na koti lake jeupe, aandike mumiani, wazi, bila maelezo chini ya ukurasa. Najua si sawasawa. Nimeshaeleza hapo juu kwamba wa kwetu hanywi. Wasichana wa Tanga watajua la kufanya na neno hilo, na kama watacheka ama watanyamaza nitapenda kuambiwa. Nimemwomba pia jambo moja lisilo la utaratibu: kabla hajaanza ukurasa wa kwanza wa Twilight, aifasiri sura ya Rosalie, ingawa imo katika kitabu cha tatu, awasomee.